Shati la Fundi Miwani

Msusi alikuwa anakunja nywele za watu bila moto. Hakuwa na draya, hakuwa na pasi ya nywele, wala kile chuma cha kukunjia ambacho wasusi wenzake mtaani walikichomeka kwenye umeme asubuhi na kukichomoa jioni, chumba kizima kikinuka nywele zilizoungua. Kazi aliifanyia sebuleni kwake, kwenye kiti cha plastiki kilichokaa kati ya kabati la vyombo na dirisha. Vifaa vyake vyote vilienea kwenye beseni moja: kitana chenye mkia, chupa ya kupulizia maji, bakuli la mbegu za kitani zilizochemshwa mpaka zikatoa ute, chupa ndogo ya mafuta, na vitambaa.

Vitambaa ndivyo vilivyofanya kazi. Alivichana kutoka kwenye mashuka ya pamba yaliyofuliwa mpaka yakachoka, kila kimoja upana wa vidole viwili. Alilowesha fungu la nywele, akalipaka ute, akaweka ncha yake katikati ya kitambaa, akaviringisha taratibu kuelekea kichwani, akafunga fundo. Kisha fungu jingine. Mteja aliondoka na kichwa kilichojaa mafundo, akajifunga skafu, akalala hivyo hivyo, na asubuhi akarudi kufunguliwa. Nywele zilimwagika mabegani zimejikunja kuliko hata zile za chuma, na hazikuwa na harufu ya kitu chochote.

"Nywele mbichi hazina msimamo," msusi aliwaambia wateja waliokuwa na haraka. "Zinakubali lolote unaloziambia. Ila zikishakauka, zimeshaamua. Kwa hiyo tulia."

Chuma cha kukunjia aliwahi kuwa nacho. Alimwazima mdogo wake, na mdogo wake akakirudisha pamoja na kovu nyuma ya sikio, refu, jembamba, lenye umbo la kile chuma mpaka kwenye skrubu yake. Alisema aliteleza. Msusi alimtazama, akatazama chuma, akajaribu kufikiria mtu anateleza namna gani mpaka aungue nyuma ya sikio lake mwenyewe. Kisha akaenda uani, akakitumbukiza chooni. Tangu siku hiyo moto haukukaribia kichwa cha mtu katika nyumba ile.

Huyo mdogo wake walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye mzaliwa wa mwisho, na ingawa sasa alikuwa mama mtu mzima mwenye binti anayesomea uhasibu, hakuna aliyekumbuka kumpa jina jingine. Mumewe alikuwa Fundi Miwani. Duka lake lilikuwa barabara kuu, lenye vioo safi na kiti cha ngozi kinachozunguka, na kama kulikuwa na mwanamume aliyependwa na wakwe zake, basi ni yeye. Alikuwa na sauti ya chini na vidole vyeupe kwa usafi. Mzee akiingia dukani, Fundi Miwani alimshika kidevu kwa vidole viwili, akamvisha miwani, akaisogeza nyuma ya masikio bila kuvuta hata unywele mmoja, akarudi nyuma hatua moja na kuuliza, "Sasa unaonaje?" Watu walitamani macho yao yaharibike kidogo ili wahudumiwe hivyo. Ukoo mzima wa Kitinda ulivaa miwani yake, na hakumdai mtu. Baba Mkubwa, aliyekuwa kichwa cha ukoo tangu baba yao afariki, alikuwa ameanza kusoma magazeti tena kwa sababu ya mkwe huyu, na alipolikunja gazeti hakuacha kumwombea.

Nyumbani kwa msusi kulikuwa na chumba kidogo cha stoo. Alitoa magunia na ndoo mbovu, akaweka kitanda, akakitandika shuka akazichomeka pembeni. Hakusema ni cha nani. Kitinda alipopita kwenda chooni alikichungulia kwa jicho la mtu anayesema ameshiba.

"Siku moja, dada," alisema.

"Siku ipi?"

"Siku moja tu."

Jumamosi ile Kitinda alikuja na binti yake. Kesho yake walikuwa wanapigwa picha dukani, mume na mke, wamevaa fremu mpya, ili picha iwekwe dirishani iwavutie wapita njia. Fundi Miwani alitaka mkewe awe na nywele za kujikunja. Tatizo lilikuwa vitambaa. Msusi alivifua asubuhi, akavianika, mvua ikavikuta kwenye kamba, na kitambaa kibichi hakikaushi nywele, kinazilowesha zaidi.

"Tumia hili," alisema Kitinda, akatoa shati kwenye mkoba. "Mume wangu kaniambia nilifanye matambara ya kufutia vioo."

Lilikuwa shati jeupe la kazini, la pamba safi, limefuliwa miaka mingi na mtu anayejua kufua. Msusi alilisugua kati ya vidole akaridhika. Kwenye pindo la mkono wa kulia kulikuwa na doa la rangi ya chai.

"Doa la nini?"

"Langu hilo," alisema Kitinda. "Nimelifua nikachoka."

Msusi alitazama doa kwa muda. Halafu akauma pindo la mkono wa kulia kwa meno, akachana.

Hapo ndipo alipokosea, ingawa hakuna msusi ambaye angejua. Vitambaa vya mkono wa kulia alivitumia utosini na mbele. Vya mkono wa kushoto alivifunga pembeni, juu ya masikio. Mgongo wa shati na kifua vilikwenda kisogoni. Mbele, juu kidogo ya paji, alikuta pameachwa wazi, ngozi tupu inayong'aa, ukubwa wa kifuniko cha soda.

"Nywele za hapa zimekwenda wapi?"

"Zimechoka."

"Zimechoka, au zimechoshwa?"

Kitinda alicheka, maana dada yake alikuwa na mdomo tangu utotoni, kisha akashika ubavu na kuacha kucheka. Binti alikuwa kwenye kochi, ameshika kioo cha mkono, anatazama.

Asubuhi walirudi. Msusi alipaka vidole mafuta, akaanza na kisogo kama ilivyo kawaida, kwa sababu ukianza mbele mteja anajiona na kuanza kudai mambo. Vikunjo vya kisogoni vilitoka vinene, vinanukia manukato ya Fundi Miwani. Akahamia pembeni. Kikunjo cha kwanza cha mkono wa kushoto alipokifungua kilimzunguka kidole na kukishika. Alivuta, hakikuachia. Kiliminya mpaka kucha ikawa ya bluu, na mfupa ukalia.

"Hiki kinashika," alisema msusi.

"Mkono wa kushoto ndio wa kushikia," alisema Kitinda, macho kwenye simu. "Usikivute, dada. Ukivuta ndio kinazidi. Ngoja kichoke."

Msusi alingoja. Kikachoka, kikaachia. Alifanya hivyo kwa vyote vya pembeni, akivumilia, na vilipoisha vidole vyake vilikuwa na michirizi myekundu kama vilivyofungwa kwa waya. Kisha akaja mbele, akakifungua kikunjo cha kwanza cha mkono wa kulia.

Kofi lilimpiga mdomoni. Kikunjo chenyewe hakikusogea. Kilining'inia pale kwenye paji kizuri kabisa, kinang'aa mafuta. Lakini kichwa cha msusi kilikwenda nyuma kikagonga kabati, vikombe viwili vikaanguka, na mdomo wake wa chini ukapasuka. Ulikuwa mkono mpana, wa mwanamume, wenye pete. Alihisi pete ikigusa jino.

"Pole," alisema Kitinda akainama kuokota vikombe. "Hiyo ni ya sukari, siku ilipokwisha."

"Hapana, mama," alisema binti. "Ya sukari alikupiga kwa mgongo wa mkono. Hiyo ni ya chumvi."

Kitinda alifikiri. "Kweli. Ya chumvi."

Msusi alijifuta damu kwa kitambaa alichokuwa amekifungua muda huo huo. Angeweza kuacha. Lakini msusi haachi kichwa nusu, na zaidi ya hapo alikuwa ameshikwa na hasira ambayo haikumruhusu kukaa chini. Akafungua cha pili. Kilimpiga sikioni, akasikia mlio mrefu, na kwa muda sauti za barabarani zikatoka upande mmoja tu. "Ya simu," alisema Kitinda, "siku kaka alipopiga wakati wa chakula." Cha tatu kilikuwa ngumi, kikampata kwenye mfupa wa shavu. Cha nne ngumi, palepale. Kilichofuata hakikupiga, kilimshika nywele zake yeye msusi na kumbamiza paji kwenye ukuta, na chokaa ikadondoka. Kitinda aliitambua kwa ile chokaa. Kimoja hakukitambua, akajaribu kukumbuka akashindwa, mpaka binti alipomwambia kwamba hakuwa na fahamu siku hiyo, kwa hiyo si kosa lake.

Walimaliza hivyo. Jicho la kushoto la msusi lilikuwa limefunga, pua inavuja, na fulana yake ilikuwa ya kutupwa. Kitinda alitikisa kichwa mbele ya kioo. Yeye alizigusa nywele zile kwa mkono wake bila shida yoyote, kwa kuwa kipigo chake alikwisha kukipata. Zilikuwa nzuri kupita maelezo. Zilishuka juu ya paji zikaficha pale palipokuwa wazi, zikaficha na kovu la nyuma ya sikio.

"Leo hurudi," alisema msusi. "Kitanda kiko tayari."

"Picha ni saa nne, dada."

"Nimesema hurudi."

"Nimekusikia," alisema Kitinda kwa upole, akachukua mkoba.

Dukani, mpiga picha alikuwa wa kwanza. Aliinua mkono kusogeza kikunjo kilichoangukia fremu, akaruka akaangukia taa yake, akainuka na jino mkononi. Alilitia mfukoni. "Nywele zina nguvu," alisema, akaenda kurekebisha taa. Kisha Fundi Miwani mwenyewe akasogea, kwa kuwa hapendi kazi ilegee, akanyoosha vile vidole vyake safi.

Alikuwa hajawahi kupigwa tangu azaliwe. Wazazi wake walimpata uzeeni, shuleni alikuwa wa kwanza darasani, na utu uzima ulimkuta akiheshimiwa. Kwa hiyo alichukua muda kuelewa ni kitu gani kilichompata. Alisimama pale ameshika shavu, miwani yake imening'inia kwenye sikio moja, na kwa vile pete iliyomchana ilikuwa ya kwake, alama iliyobaki shavuni aliifahamu. Akatoa leso. Akajifuta, akatazama leso, akaikunja upande wa damu ukaingia ndani.

"Sawa," alisema kwa ile sauti ya chini. "Tupigwe picha."

Picha hiyo ipo dirishani mpaka leo. Kitinda amekaa, nywele zimemjaa, fremu ya kahawia imemkaa vizuri. Mumewe amesimama nyuma yake, karudi nyuma hatua moja zaidi ya inavyotakiwa, shavu moja jekundu, na mikono ameificha nyuma. Jioni ile ile, jua likiwa bado nje na majirani wakianua nguo, alimvunja mbavu mbili. Alikuwa mwangalifu. Alimwangusha kwanza kwa kumpiga mtama, ili kichwa kiende mbali naye, halafu akafanya kazi kwa viatu. Majirani waliongeza sauti ya redio, kama kawaida yao, na aliyekuwa na redio mbovu akaingia ndani akafunga dirisha.

Msusi ndiye aliyeitisha kikao. Kilifanyika sebuleni kwa Baba Mkubwa, kwenye makochi yaliyovalishwa vitambaa vya kufuma, na waliofika wote walivaa miwani. Kitinda alikaa ameegemea upande mmoja. Fundi Miwani alikuja na kasha lake dogo la bisibisi, maana hakuna kikao cha ukoo ambacho hakikuwa na mtu mwenye skrubu iliyolegea.

"Uso huo nani kakufanya?" Baba Mkubwa alimuuliza msusi.

"Shemeji."

"Shemeji yako kakupiga wewe?"

"Kampiga Kitinda. Mimi nimepata kwa kufungua nywele."

Baba Mkubwa hakuona ajabu yoyote katika maelezo hayo, ila alikuwa mtu wa kutaka kuhakikisha. Aliinuka, akaenda alipokaa Kitinda, akanyoosha kidole akagusa kikunjo kimoja cha utosini, kwa adabu, kama anayepima joto la maji ya mtoto. Kilimpata puani. Mzee alikaa chini sakafuni bila kupenda. Kioo kimoja cha miwani kiliruka kikatua kwenye kikombe cha chai cha shangazi, kingine kikaingia chini ya kochi, na damu ikamiminika juu ya shati lake la kutokea.

"Ya sukari hiyo," alisema binti kutoka mlangoni.

Baada ya hapo ilibidi kila mmoja aguse, ili baadaye asije mtu akasema alisimuliwa tu. Walipanga mstari. Shangazi alipigwa kwenye shingo akakohoa mpaka akashikiliwa. Mjomba mnene, aliyekuwa akisema siku zote kwamba wanawake wanatia chumvi, alishikwa mkono na kikunjo cha pembeni kikakipinda kidole chake cha kati mpaka kikavunjika, sauti kavu, wote wakaisikia. Kaka wa Kitinda, yule wa simu, aligusa akapata ya simu. Vitambaa vya makochi vilichafuka damu vyote, na mke wa Baba Mkubwa akaleta maji ya chumvi kwenye sufuria. Walipokaa tena, wakisukutua na kutema, hakukuwa na mtu sebuleni ambaye hakujua kitu gani kinafanyika katika nyumba ya Fundi Miwani, kwa uzito gani, na kwa mkono upi. Msusi aliwatazama nyuso zao zilizovimba na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu moyo wake ukapata nafasi. Aliwaza, sasa. Sasa wamejua. Aliwaza shuka safi kwenye kile kitanda.

"Haya, mkwe," alisema Baba Mkubwa akiwa ameziba pua. "Tumeonja. Unasemaje?"

Fundi Miwani alikuwa amepiga magoti, anatoa kioo cha pili chini ya kochi. Alikifuta kwa pindo la shati, akakirudisha kwenye fremu, akakaza skrubu.

"Sina la kujitetea, baba. Nilikuwa nazidisha. Kazi ya macho inachosha kichwa, na mimi nikichoka mkono unakuwa mwepesi." Akamshika Baba Mkubwa kidevu kwa vidole viwili, akamvisha. "Sasa unaonaje?"

"Naona," alisema Baba Mkubwa.

Walizungumza kwa kirefu, kwa busara, kila mtu akipewa nafasi. Walisikitika. Shangazi alilia kweli, machozi si ya kuigiza. Ikakubalika kwamba kichwa cha mtu ndicho mtu mwenyewe; humo mna macho, mna akili, na kichwa kikiharibika hakuna spea. Basi Fundi Miwani asiguse tena kichwa cha mkewe, asilani. Aweke mkono kifuani aahidi. Aliweka, akaahidi, na aliahidi kwa dhati, mtu angeweza kuona.

"Na mbavu?" aliuliza msusi.

Watu walimtazama. Baba Mkubwa aliisogeza miwani yake, ambayo sasa ilikaa vizuri kuliko zamani.

"Mwanangu, mbavu zinavaliwa nguo," alisema. "Hayo ni ya chumbani kwao. Sisi tumeokoa kichwa. Na wewe ndiye mwenye mkono wa kazi hii, utakuwa unamkunja nywele kila zikilegea, ili shemeji yako asije akasahau. Tunakushukuru."

Walimshukuru. Msusi alitamani kuipindua ile meza na vikombe vyake vyote, alitamani kumshika mzee yule ndevu amburute mpaka kwenye kichwa cha Kitinda amsugulie uso pale mpaka usiwe uso. Hakufanya. Alimfuata mdogo wake mpaka getini akamshika mkono.

"Kitanda kiko tayari, Kitinda. Twende sasa hivi. Nguo tutazifuata."

"Binti ataolewa kutoka nyumba gani, dada?" alisema Kitinda. "Tuseme nikiondoka. Watakuja kumposa wapi, stoo?" Halafu, kwa sababu dada yake alikuwa analia, akamfuta kwa kiganja. "Si wamesema kichwa hagusi tena? Hilo si dogo."

Akaenda zake akitembea kwa upande, kama mtu aliyebeba ndoo moja.

Fundi Miwani alitimiza ahadi. Hilo lazima lisemwe. Hakuna siku hata moja aliyomgusa kichwa, na ukoo ulijisifia popote ulipokwenda. Kitinda alirudi mara kwa mara kukunjwa, na shati likiisha alileta jingine, maana mume alikuwa nayo mengi na aliyatoa bila ubishi. Mashati yaliyofuata hayakuwa na mapigo ya kichwani. Msusi alipofungua, alipigwa tumboni, mgongoni, kwenye paja. Siku moja alikojoa damu, akajua mdogo wake naye anakojoa damu, na alipomuuliza Kitinda alisema ndiyo, lakini kidogo.

Habari zikaenea kama habari nzuri zinavyoenea. Wanawake walianza kuja na mashati kwenye mifuko. Alikuja karani wa posta na shati la kaki, akaja muuza maua, akaja mke wa mwalimu wa kwaya na shati lenye tai yake. Waliketi kwenye kiti cha plastiki na kutoa maelekezo: mkono wa kulia weka mbele, wa kushoto pembeni, na tafadhali usichanganye. Msusi aliazima kofia ngumu ya pikipiki kwa jirani akajaribu kuvaa wakati wa kufungua, lakini haikusaidia, kwa kuwa makofi yale hayakuwa yanatoka nje. Akairudisha. Mtaani wanaume walizoea upesi. Waliwapisha wake zao mlangoni ili wasiguse nywele, wakawasifia mbele za watu, na wakajifunza kupiga chini ya shingo. Hospitali ya karibu ilipokea vichwa vichache na mbavu nyingi, na daktari mmoja akasema hadharani kwamba jamii inabadilika.

Kisha, wiki ya harusi yake, akaja binti wa Kitinda.

Alikuja peke yake, amemaliza masomo, amenenepa kidogo kwa raha. Mchumba wake alikuwa mpima ardhi, kijana mrefu anayeamkia watu kwa kuinama, na ambaye msusi alikuwa amemkuta mara moja akimtoa paka kwenye mtaro kwa mikono yake mwenyewe. Binti aliweka mkoba wake juu ya kile kitanda cha stoo, kwa sababu viti vyote vilikuwa na nguo, akatoa shati la mchumba wake.

"Mama kaniambia nije nalo," alisema. "Ni kwa ajili ya harusi tu, mama mkubwa. Ili nipendeze."

Lilikuwa la samawati, karibu jipya. Msusi alilikagua mapindo yote mawili kwenye mwanga wa dirisha. Halikuwa na doa. Aliligeuza nje ndani, akanusa, likanukia sabuni na vumbi la barabarani, na msusi akajikuta anaimba chini kwa chini wakati anachana. Alikuwa na furaha, hakuificha. Kwa mara moja katika maisha yake yaliyobaki alitaka kufungua kichwa cha mtu nywele zimlalie tu mkononi, laini, zisizo na neno. Alilowesha, akapaka ute, akaviringisha kila fungu kwa utulivu kuliko alivyowahi kumviringishia mtu, na binti akasinzia kitini.

Asubuhi alianza na kisogo. Harufu ya sabuni, basi. Akaja pembeni. Kikunjo cha mkono wa kushoto kilimlalia kidole, kikamzunguka, kikakaa hapo kimelegea. Msusi alisubiri kiminye. Hakikuminya. Alipumua kwa kinywa, akatazama kioo, akamwona binti anamtazama.

Akapaka mafuta, akaja mbele, akafumba macho, akafungua.

Kofi lilimpata shavuni. Lilikuwa dogo, la kiganja wazi, la mkono ambao bado haujazoea. Lilitua na mara likajirudisha, kama limeshtuka. Halikutoa damu. Vikombe kabatini havikutikisika. Msusi alisimama pale na kitambaa cha samawati mkononi, shavu linamwasha, na akajua kwamba hata kama lingekuwa dogo mara kumi ya hapo lisingempita.

"Lipo?" aliuliza binti.

"Lipo."

"Hilo ni la juzi, tulichelewa kwa fundi cherehani. Aliomba radhi mpaka akalia." Akajisogeza mbele kitini. "Ni kali?"

Msusi alitaka kusema uongo. Alitaka kusema limemng'oa jino. Lakini uso wake ulikuwa hapo kwenye kioo, mzima, na binti alikuwa anautazama kwa makini, yeye ambaye tangu utotoni alijua kutofautisha la chumvi na la sukari.

"Si kali," alisema. "Mwanangu, kitanda kipo pale. Mkoba wako si uko juu yake tayari? Uache hapo hapo."

Lakini binti alikuwa ameshashusha pumzi, na mabega yake yamelegea, kama mtu aliyepokea majibu ya hospitali akakuta hana ugonjwa.

"Afadhali," alisema. "Mimi nilikuwa naogopa litakuwa kama la baba."

Akainamisha kichwa afunguliwe vilivyobaki.